Mwongozo kamili wa kejeli: namna ya kuirusha, kuipokea na kujua pa kuinyamazia

Kikao kilipangwa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu mjumbe mmoja anaingia, anavuta kiti, na katibu anamwambia, "Karibu bwana, leo umewahi." Watu wanacheka, mjumbe naye anacheka, anasema "Foleni, jamani," kikao kinaendelea. Mwezi unaofuata katibu yuleyule anatamka maneno yaleyale kwa mjumbe mwingine. Huyu anakunja uso, hasemi neno mpaka mwisho, na kikao kinachofuata haji. Maneno hayakubadilika hata herufi moja.

Kinachoamua ni jambo moja ambalo watu wengi hawalipimi: je, anayekejeliwa ana uwezo wa kuirudisha kejeli kwa aliyeirusha? Mjumbe wa kwanza ni mtu wa rika la katibu, wamezoeana, na kesho katibu akisahau muhtasari nyumbani naye atapata zake. Wa pili ni kijana aliyejiunga juzi, hawezi kumjibu katibu mbele ya wazee. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kipimo hicho.

Kejeli imeundwa na nini

Ina sehemu nne. Kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalijua: mjumbe amechelewa saa moja na nusu. Kuna kauli inayokwenda kinyume na jambo hilo: umewahi. Kuna ishara inayomwambia msikilizaji asiichukue kauli kama ilivyo, iwe ya sauti, ya jicho au ya neno la ziada. Na kuna mlengwa.

Ikikosekana ya kwanza, kejeli inageuka sifa. Mgeni asiyejua kikao kilianza saa ngapi atashukuru kwa kuambiwa amewahi. Ikikosekana ishara, unaonekana mwongo au mtu asiyeelewa mambo. Ikikosekana mlengwa unabaki na mzaha usiomuumiza mtu: mvua imeingia mpaka sebuleni, unasema "Leo tumeletewa bahari nyumbani." Anayejifunza aanzie hapo, kwenye umeme uliokatika, daladala isiyojaa na maji ya bomba yanayotoka usiku wa manane. Vitu haviweki kinyongo.

Tuitenganishe kejeli na jamaa zake. Dhihaka humcheka mtu kwa jinsi alivyo, na tusi halina haja ya kufafanuliwa. Kijembe ndicho chenye mambo mengi, kwa sababu mlengwa hatajwi. Unarusha jiwe gizani, ukisikia mtu kaguna ujue limempata, na ukiulizwa unasema, "Kwani nimemtaja mtu?" Pwani sanaa hii ina vyombo vyake. Mwanamke anajifunga kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," anapita mlangoni pa jirani, anasalimia vizuri kabisa, na hajasema kitu. Jirani naye ana doti zake kabatini. Kwenye taarab ikawa hivyohivyo: miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam vikundi vya TOT na Muungano vilijibizana kwa mipasho, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, na mashabiki wakagawana. Angalia kilichofanya mchezo huo uvumilike. Kanga hujibiwa kwa kanga, wimbo kwa wimbo, na kila upande ulikuwa na jukwaa lake.

Ofisini hakuna jukwaa la pili. Mkuu wa idara akisema kikaoni, "Kuna watu humu wanakuja kazini kusubiri mshahara," aliyelengwa akijibu amejitaja, asipojibu amekubali. Kwa maoni yetu kijembe cha namna hiyo ni kibaya kuliko kejeli ya ana kwa ana, hata kama kinasikika cha kistaarabu zaidi.

Zana ambazo Kiswahili kinakupa

Lugha yetu haina haja ya kutegemea sauti peke yake. Ina vifaa vya kejeli ndani ya sarufi, na ni vyema kuvijua kimoja kimoja kwa sababu havina uzito sawa.

Chepesi kuliko vyote ni *kupandisha cheo*. Jenereta imegoma, jamaa kaizungushia kamba mara kumi, unamwambia "Haya injinia, tunakusubiri." Mheshimiwa, profesa, bosi, daktari: cheo kikiwa mbali na hali ya mtu, kejeli inasikika bila kuongeza kitu. Kasoro yake ni kwamba "bosi" na "mkuu" siku hizi ni maneno ya kuitana tu mtaani, kwa hiyo hayabebi kejeli mpaka sauti iyasaidie. Na mtu mwenye cheo cha kweli usimpandishe kingine, utakuwa umekidharau alicho nacho.

Ndugu yake ni *shikamoo isiyostahili*. Kumwamkia mtu wa rika lako aliyeanza kutoa amri kunamwambia ameanza kujikweza, na wengi hulichekea. Lakini kumwamkia hivyo mwanamke wa rika lako mbele za watu kunasomwa kama kumwambia amezeeka. Shikamoo moja, majeraha mawili tofauti.

*Eti* (Kenya utasikia *ati*) huiweka kauli ya mwenzio mbali nawe: "Eti alikuwa na kazi nyingi." Inauma kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inamtuhumu mtu uongo. Usiitumie kwa aliyetoa udhuru wa ugonjwa au msiba hata kama una shaka. Ukikuta kweli alikuwa hospitali hutapata pa kuficha uso.

*Kumbe* ni ya hila. "Kumbe nawe unajua kupika!" ina umbo la sifa, lakini ndani inasema muda wote huo ulidhaniwa hujui. Wengi huitamka bila kukusudia kejeli, wakashangaa mwenye chungu amenuna. Ukitaka kusifu, sifu chakula: "Wali umeiva vizuri, nazi imekolea." Kumbe iache.

*Hongera, asante, pole.* "Asante kwa kunisubiri" kwa aliyekuacha stendi. "Pole na kazi" kwa aliyelala mpaka adhuhuri. Hizi zinafanya kazi vizuri kwa watu wa nyumba moja. Tahadhari iwe kwenye *pole*: ni neno la msibani na la wagonjwa, na mtu mwenye jambo moyoni ambalo hulijui ataisikia kama umelichezea.

*Kugeuza ngeli.* Gari likawa kigari, au kagari, nyumba ikawa kijumba, mtu mzima akawa jitu: "Jitu zima linalilia soda." Hapa tumeshatoka kwenye tendo tukaingia kwenye mali na utu. Kigari chako mwenyewe kiite kigari upendavyo. Cha mwenzio ni gari.

*Nafsi ya tatu na "kuna watu".* "Leo mwenyewe kaamka vibaya," mwenyewe akiwa amekaa palepale. "Nyumba hii kuna watu wana bahati, vyombo vinajiosha." Ya kwanza ni ya kirafiki ikiwa mwenyewe anatabasamu. Ya pili ni kijembe, na kanuni za kijembe tumeshazitaja.

Mwilini kuna kuvuta sauti (haaaya, hongeeera), kubetua midomo, kukata jicho, na kufyonya, ambako wengine huita kusonya. Sauti ya kuvuta ni ishara nzuri kwa sababu iko wazi, hata mtoto anaisikia. Kubetua midomo kunaongeza dharau. Kufyonya si ishara ya kejeli hata kidogo. Ukifyonya umefunga mzaha, na yote uliyosema kabla yake yatasomwa upya kama matusi.

Kabla hujafungua mdomo

Hatua hizi zinachukua sekunde chache ukizizoea. Zipite kwa mpangilio huu, kwa maana ya kwanza ikigoma huna haja ya kuendelea.

1. Pima umri na cheo. Mdogo hamkejeli mkubwa, isipokuwa mila imempa ruhusa: babu na bibi kwa wajukuu, shemeji kwa shemeji, binamu, na watani wa kabila. Hilo wengi wanalijua. Kisichozingatiwa ni upande wa pili. Mkubwa anadhani ana uhuru wa kumkejeli mdogo, na kimila hakuna atakayemkanya, lakini kwa kipimo chetu ndiyo kejeli mbaya kuliko zote. Karani hawezi kumwambia meneja "nawe ripoti yako ya jana ilikuwa ya ajabu." Atacheka kwa adabu, na kicheko hicho meneja atakihesabu kama ushahidi kwamba watu wanampenda.

2. Hesabu masikio. Kejeli ileile mkiwa wawili ni mzaha, mkiwa watano ni hukumu. Watu watatu usimkejeli mtu mbele yao: wakwe zake, watoto wake, na mteja wake. Kwao ana sura ya kulinda, na hata mwenye moyo mwepesi atalazimika kukujibu kwa ukali.

3. Chagua tendo, tena la leo. Kuchelewa, kusahau chumvi, kuegesha gari vibaya. Usiende kwenye mwili, ndoa, uzazi, riziki, maradhi, dini wala asili ya mtu. "Lini tutakula pilau?" kwa dada wa miaka 35, au "Mnaringa, hamtuletei mjukuu?" kwa walioana miaka sita iliyopita, husemwa kwa tabasamu kwenye kila harusi, na ni ukatili. Wanaoulizwa wanajua jambo ambalo muulizaji halijui: mimba zilizotoka, vipimo, madeni ya hospitali.

4. Hakikisha ukweli wenyewe unajulikana na wote. Ukimwambia mgeni "Chai yetu hii inatukosesha usingizi kwa sukari," wakati haina sukari kwa kuwa sukari imeisha, atadhani ladha ndiyo hiyo. Kejeli inayohitaji maelezo ifute, sema jambo lilivyo.

5. Iwe moja, fupi. Maneno manne mpaka manane yanatosha. Ya pili juu ya jambo lilelile haichekeshi, na ya tatu inamwambia mtu kwamba ulikuwa na kinyongo tangu mwanzo.

6. Nyamaza, utazame uso. Mpe nafasi ya kurudisha. Dalili kwamba imekwenda vibaya: anacheka mdomo tu macho yakiwa yametulia, anauliza "una maana gani?", anaacha kukuita jina lako na kuanza kukuita "ndugu" au "mheshimiwa", anaanza kutoa maelezo marefu ya jambo dogo. Ukiona moja tu, geuka hapohapo: "Natania bwana, najua barabara ilivyo." Ukisubiri mpaka jioni umechelewa.

7. Kama kuna dai, lidai kwa maneno ya kawaida. Hapa ndipo wengi huangukia. Wanakejeli, watu wanacheka, jambo lenyewe halijasemwa, na wiki inayofuata linajirudia.

Gauni la Jumamosi

Tuone hatua hizo kwenye kibanda cha fundi cherehani. Gauni ni la harusi ya Jumamosi. Fundi alisema njoo Jumatano. Jumatano akasema Alhamisi. Leo ni Alhamisi jioni, mteja anafika: kitambaa kimekatwa, mwili umeshonwa, mikono haijaunganishwa, zipu iko mezani bado kwenye karatasi yake. Benchini wamekaa wateja wengine wawili. Mteja ana kauli tatu za kuchagua.

"Fundi, hii Alhamisi ni ya mwezi huu au ujao?" Fundi atacheka: "Dada, umeme ulikatika kutwa." Kejeli imegusa tarehe tu, jambo ambalo wote wawili wanalijua, na imemwachia mlango wa kujibu. Mteja asibaki kwenye kicheko: "Sawa, kilichobaki ni nini, mikono na zipu? Basi nakaa hapa unaunganisha mikono, nijaribu. Zipu na pindo nafuata kesho saa nne asubuhi." Hatua ya sita na ya saba zimekamilika ndani ya dakika moja.

"Hongera fundi, kwa kasi hii utafika mbali." Hii imeondoka kwenye Alhamisi ikahamia kwenye kazi yake yote, na kwa wale wawili benchini imekuwa tangazo. Atajitetea: kitambaa ulikileta umechelewa, shingo ulibadilisha mwenyewe. Robo saa ya kushona inaishia kwenye mabishano.

"Kuna mafundi, na kuna watu wenye cherehani." Benchi zima litacheka. Ni kauli kali, imetungwa vizuri, na huenda mteja ameiwaza tangu Jumatano. Gauni litakamilika pia. Lakini litakamilishwa na mtu aliyeudhiwa, na kabla ya kulivaa ni busara kuligeuza ndani nje ukague mishono ya kwapani.

Utani: pale ambapo ruhusa imeandikwa na mila

Tanzania ina kitu ambacho jamii nyingi hazina: kejeli iliyopewa utaratibu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na wajukuu zao leo ni watani. Wanyamwezi waliopita na misafara ya biashara kwenda pwani wakawa watani na Wazaramo, ambao misafara hiyo ilipita katika ardhi yao. Wachaga na Wapare hawahitaji kutambulishwa. Mpare atatajiwa ubahili, Mchaga atatajiwa fedha, na wote wawili watakula sahani moja.

Anayetaka kujua kejeli inayofanya kazi aangalie mtani msibani. Anaweza kumwigiza marehemu alivyotembea, kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, kuchukua kitu cha nyumbani kikombolewe kwa fedha. Mtu mwingine akifanya hivyo atapigwa. Mtani anaruhusiwa kwa sababu tatu: siku ya msiba wake atafanyiwa vilevile, ana kazi anazozifanya, kama kusaidia shughuli za mazishi, na kila aliyepo anajua yeye ni nani. Kurudishiwa, kuwajibika, kujulikana. Zitafute hizo tatu hata kwenye kejeli ya ofisini.

Mchongoano wa vijana wa Nairobi una sura nyingine lakini msingi ni huohuo: unasema, nasema, waliosimama kando ndio waamuzi. Ukisimama wewe tu kuchongoa na mwenzio kanyamaza, huo si mchongoano tena, ni uonevu.

Kosa la kawaida ni kubeba utani wa kabila kwenda mahali ambako hakuna mkataba wa utani. Mzaha wa Morogoro ukiusema Nakuru unaangukia kwenye kumbukumbu za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, na ni kutokana na machungu hayo nchi hiyo ilitunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa mwaka 2008. Ukiwa ugenini, subiri uulizwe kabila lako na utaniwe kwanza. Asiyetaniwa hatanii.

Kwenye simu ishara inapotea

Mwaka 2005 watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha jaribio la kuvutia. Watu walituma kauli, nyingine za kejeli na nyingine za kweli, kwa baruapepe au kwa sauti. Watumaji walitarajia wapokeaji watapatia karibu asilimia 78. Waliosikia sauti walipatia kama asilimia 73. Waliosoma baruapepe walipatia 56 hivi, na kurusha sarafu kungewapa 50. Sababu ni rahisi kuielewa: unapoandika unaisikia sauti yako mwenyewe kichwani, na hiyo haitumwi.

Tatizo hilo lina umri mkubwa kwa dunia ya kompyuta. Ni Septemba 1982 ambapo Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama :-) iwekwe kwenye ujumbe wa mzaha. Vikaragosi vya leo vimeongezeka lakini havijamaliza kazi. 😂 mwisho wa kejeli kuhusu deni inasomwa kama kumcheka mdaiwa, na 🙂 kwa vijana wengi ni tabasamu la baridi linaloongeza ukali.

Fanya hivi. Kejeli ya maandishi iwe kwa mtu ambaye sauti yake unaijua naye anaijua yako. Kama huna uhakika, tuma ujumbe wa sauti. Sekunde tano zinatosha kusikika unacheka. Kwenye makundi ya ukoo, ya kikoba au chama, ya wazazi wa shule na ya michango ya harusi, usikejeli kabisa. Humo kuna watu hamjawahi kukutana, na ujumbe wa "Hongera mweka hazina, fedha zetu ziko salama salimini" utapigwa picha ya skrini na kupelekwa mahali ambako mzaha hauonekani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina ya kwake ya 2018, zote zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni, na mbele ya hakimu kinachosomwa kwanza ni maandishi.

Kuhusu stetasi ya WhatsApp: ndiyo kanga ya siku hizi, na ina kasoro moja ambayo kanga haikuwa nayo. Kanga ilipita mlangoni pa aliyekusudiwa. Stetasi inapita milango mia mbili, na watu kumi wasiohusika watalala wakijiuliza wamekosa nini.

Nyumbani na darasani

Kwa watoto tuseme waziwazi. Uwezo wa kutambua kejeli huanza karibu na miaka 5 au 6, na kuelewa kwa nini mtu mzima anasema kinyume cha anachomaanisha kunachelewa zaidi. Mtoto wa miaka minne akimwaga uji ukamwambia "Safi sana, mwaga tena," anaweza kumwaga tena, kisha akachapwa kwa kutii. Mwambie, "Uji umemwagika, lete kitambaa tufute." Mwalimu anayemwita "profesa" mwanafunzi aliyepata 12 kati ya 100 anachekesha darasa zima kwa gharama ya mmoja ambaye hana namna ya kumjibu, na kuanzia siku hiyo hatanyoosha mkono.

Kati ya mke na mume, John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, aliiona dharau kuwa dalili ya talaka iliyo nzito kuliko nyingine, na kejeli ya kuumiza ni mojawapo ya nguo inazovaa. Kipimo cha nyumbani: mkiwa peke yenu, mwenzio bado anakurudishia? Zamani ukisema "Bwana mkubwa amerudi, tupige ngoma?" alijibu "Mpige, na chakula kiletwe." Sasa anapita moja kwa moja chumbani. Hapo acha ngoma, keti, uliza.

Ukirushiwa wewe

Njia ya kwanza ni kuichukua kauli kama ilivyo. "Leo umewahi." — "Nashukuru, nilikimbia sana." Inaua kejeli bila ugomvi, na wasikilizaji huwa upande wako. Ya pili ni kurudisha, kwa uzito uleule au mdogo kidogo, kamwe usiongeze. Ya tatu ni kuuliza kwa sauti ya kawaida: "Ulitaka kusema nimechelewa? Ni kweli, samahani." Mwenye kijembe akiulizwa hivyo mara nyingi hubaki na maneno mkononi. Ya nne, kwa mkubwa au bosi asiyeacha, ni faragha: "Mzee, lile neno la jana mbele ya vijana liliniumiza. Nikikosea, naomba uniite uniambie." Usitumie kejeli kumlalamikia mtu kuhusu kejeli.

Kabla ya yote hayo hakikisha ilikuwa kejeli. Mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, au aliyekulia mahali ambako wanasema mambo bila kuzunguka, anaweza kusema "hongera" akimaanisha hongera.

Ukiwa umemuumiza mtu

"Nilikuwa natania" si ombi la radhi. Inamhamishia yeye kosa, kwamba hajui utani. Taja neno lenyewe: "Lile neno la wenye cherehani sikupaswa kulisema. Niwie radhi." Lisemwe ndani ya siku moja au mbili. Kama ulikejeli mbele ya watu, omba radhi mbele ya walewale au angalau wawili wao, maana faraghani utaponya moyo wake lakini sura yake itabaki ilivyoachwa. Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri usitume ujumbe. Nenda, amkia vizuri, keti, ongea mambo mengine kidogo, kisha lifikie. Usieleze sana ulichokusudia.

Halafu mwache na kejeli zako kwa muda. Usijaribu kupima kama amesamehe kwa kumrushia kadogo. Ngoja yeye aanze. Siku ukichelewa kidogo dukani kwake na akakwambia, "Karibu, mzee wa saa," unaweza kumjibu.